Fildi isiyoishia kwenye fotokopi: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa chuo Mbeya, Iringa na jirani zake

Kila Septemba naletewa logbuku, yaani madaftari ya kazi za kila siku, za vijana wa fildi (mafunzo kwa vitendo) nizisaini. Mwaka huu nilifungua moja nikakuta sentensi ileile kuanzia Jumatatu ya wiki ya kwanza hadi Ijumaa ya wiki ya nane: "Nilisaidia kazi za ofisi." Nikamuuliza mwenyewe, kazi gani? Akacheka kwa aibu. Wala hakuwa mvivu. Alifika saa moja na nusu kila siku, baridi yote ile ya Julai, lakini wiki nane zilikwisha na hana cha kusimulia.

Namwelewa. Fildi yangu ya kwanza, kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, nilikaa jirani na mashine ya fotokopi mpaka nikajua mlio wake karatasi ikitaka kukwama. Nilipomaliza chuo nikaitwa usaili. Mzee mmoja wa kwenye jopo akaniuliza, "Ulipokuwa fildi, kipi kilibadilika pale kwa sababu wewe ulikuwepo?" Nikajibu kwamba nilijifunza mengi. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akasema asante.

Siku hizi nasimamia stoo na hesabu za kampuni ya usafirishaji hapa Mbeya, na kila mwaka napokea vijana wawili watatu. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili, awe MUST, TEKU, Mzumbe Ndaki ya Mbeya, RUCU, Chuo Kikuu cha Iringa au kwingineko ukanda huu. Wa ualimu pale Mkwawa, ambao fildi yenu ni TP, mazoezi ya kufundisha mashuleni, anzieni hatua ya nne.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Barua ya utambulisho kutoka chuoni, nakala zisizopungua tano. Wengi hutoa moja, ikijibiwa "nafasi zimejaa" wanaanza upya foleni ya ofisi ya chuo.
- Daftari dogo la kuingia mfukoni. Hili ni mbali na logbuku ya chuo, na ndilo litakalokupa kazi.
- Kadi ya bima ya afya na namba ya NIDA. Viwandani na hospitali huulizwa mapema.
- Barua pepe yenye majina yako halisi. Ile ya "mtotowamama" uliyofungua kidato cha pili iache ipumzike.
- Viatu vya kufunika vidole na sweta zito. Mtu wa Dar anayekuja Mbeya, Mafinga au Njombe mwezi Julai na shati la mikono mifupi huwa tunamwonea huruma.
- Nauli na chakula cha wiki mbili za mwanzo. Hata kama una mkopo wa Bodi ya Mikopo wenye fungu la mafunzo kwa vitendo, usiipange siku yako ya kwanza juu ya hela ambayo haijaingia. Bumu, hela hiyo ya mkopo, huja kwa ratiba yake.

## Hatua ya 1: Chagua kazi unayotaka kuijua, kabla ya kuchagua ofisi (Januari hadi Februari)

Kosa la kwanza huanzia hapa. Mwanafunzi anasema "nataka fildi benki" au "nataka TRA". Hilo ni jina la jengo. Ukifika ndani bila kujua unataka kufanya nini, utapewa chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ni fotokopi.

Fungua Ajira Portal, tovuti ya matangazo ya ajira za serikali, soma matangazo kumi ya kazi za fani yako. Usijali kwamba huna sifa bado. Andika vitenzi tu. Kwa wa uhasibu utaona vinajirudia: kuandaa hati za malipo, kutunza kumbukumbu za fedha, kufanya usuluhisho wa benki. Wa kompyuta ataona kutunza mtandao wa ofisi na kuhudumia watumiaji. Chagua vitatu.

Umefanikiwa ukiweza kuvitaja vyote vitatu bila kutazama karatasi, na ukawa umeshakiri moyoni kipi kati yake hujawahi kukigusa hata siku moja.

## Hatua ya 2: Tafuta mahali penye kazi nyingi kuliko watu

Halmashauri, benki na mashirika makubwa hupokea mafurushi ya barua. Ukipata, vizuri. Lakini kipindi cha fildi, Julai hadi Septemba, ndicho kipindi ambacho Nyanda za Juu Kusini zina shughuli hadi zinazidiwa, na wanafunzi hawaioni kwa sababu macho yao yako kwenye vibao vya ofisi za mjini.

Julai ni msimu wa kahawa Mbozi. AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, zinapokea mzigo, zinapima, zinaandika wakulima, na mara nyingi karani ni mmoja na kalamu yake. Mbarali mpunga umeshavunwa, mashine za kukoboa na maghala yanahitaji mtu wa kuandika kilichoingia na kilichotoka. Tunduma, kilomita kama 100 kutoka Mbeya mjini, malori ya Zambia na Kongo hupanga foleni na mawakala wa forodha wanakimbizana na nyaraka. Mafinga kuna mbao za Sao Hill, viwanda vya kupasua na wanunuzi. Mufindi na Rungwe kuna chai. Njombe na Rungwe kuna parachichi na vituo vya kufungashia. Iringa mjini, kiangazi ndio wakati watalii wanakwenda Ruaha, kwa hiyo kampuni za utalii na hoteli hazina muda hata wa kujibu barua pepe. Anayesoma utalii au lugha anatafuta nini tena?

Wa kilimo wasisahau TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo. Na kama fildi yako inaangukia kwenye taasisi inayoshiriki Nanenane uwanja wa John Mwakangale, omba kabisa uwekwe bandani siku za maonesho, tarehe 1 hadi 8 Agosti. Kumweleza mkulima kutoka Chunya jambo lilelile mara mia kwa siku, kila mara kwa namna atakayoielewa, ni shule ambayo hakuna mhadhiri atakayekupa.

Andika sehemu sita: mbili kubwa, nne ndogo. Hakikisha na chuo chako kwamba sehemu ndogo inakubalika. Kwa kawaida wanachotaka ni msimamizi mwenye sifa, barua yenye kichwa na muhuri.

## Hatua ya 3: Peleka barua kwa mkono (Machi hadi Aprili)

Barua nyingi ninazopokea zinasema mwombaji "ni mchapakazi na mwenye kujituma". Sina la kufanya na maneno hayo. Ninayoisoma hadi mwisho inafanana na hii:

"Naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwa wiki 8 kuanzia wiki ya tatu ya Julai. Nasoma Uhasibu, mwaka wa pili. Naweza kusaidia kulinganisha kadi za stoo na hesabu halisi ya bidhaa, na kuingiza hati za malipo kwenye kompyuta. Nitafika mwenyewe Jumatano ijayo kufuatilia majibu."

Mistari minne. Inanionyesha nitamweka wapi, na hilo ndilo linalonifanya niseme ndiyo.

Ukifika masijala, usitupe bahasha mezani ukaondoka. Mambo huenda hivi:

"Shikamoo mama. Naleta barua ya maombi ya fildi."

"Marahaba. Iache hapo, mwanangu."

"Sawa mama. Naomba tu unigongee muhuri na tarehe kwenye nakala yangu, nikirudi Jumatano nisikusumbue kuitafuta."

Nakala yenye muhuri ina sababu yake. Barua hupotea, na anayerudi bila nakala huambiwa alete nyingine. Anayerudi na nakala, barua yake hutafutwa. Na huyo mama wa masijala ndiye atakayekuambia kwamba bosi amesafiri hadi Ijumaa, kwa hiyo mheshimu kwa dhati, asihisi unamchukulia kama ngazi. (Kamwene ya Kihehe itakufikisha mbali sokoni Iringa. Masijala, shikamoo inatosha.)

Onyo. Nafasi ya fildi hainunuliwi. Mtu akikuomba "hela ya soda ya bosi", ondoka. Mtu akikuomba mwili wako ili akupe nafasi, alama au saini, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113. Mwambie pia mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo, na tunza ujumbe wote wa simu.

Umefanikiwa ukiwa na jibu la maandishi kutoka sehemu moja angalau kabla mitihani haijaanza.

## Hatua ya 4: Wiki ya kwanza, tafuta kiporo

Hapa ndipo wengi wanapoteza fildi nzima, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Siku mbili tatu za mwanzo utaoneshwa ofisi, utapewa kiti, halafu watu watarudi kwenye kazi zao. Hakuna anayekuchukia. Kukufundisha kunachukua muda, na mwisho wa mwezi unakaribia. Ukikaa kimya utatumwa chai. Usikatae chai, tafadhali. Leta, halafu uwe na kitu cha kurudia mezani.

Kitu hicho ni kiporo. Kila ofisi Tanzania ina viporo: mafaili yasiyopangwa tangu mwaka juzi, kadi za stoo zisizolingana na mzigo, orodha ya wadaiwa iliyoandikwa kwenye madaftari matatu, malalamiko ya wateja yaliyokaa kwenye boksi. Kila mtu anajua ipo siku ataifanya, na siku hiyo haifiki. Siku ya tatu au ya nne, mwendee msimamizi wako umwambie, "Samahani mkuu, kuna kazi yoyote imekaa muda mrefu kwa kukosa mtu? Naomba nianze nayo, halafu Ijumaa nikuonyeshe nilipofika."

Nikupe mfano niliouona kwa macho yangu. Binti mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza hivyo, nikamkabidhi stoo ya vipuri. Nilidhani atachoka siku ya pili. Akaanza na shelfu la juu kushoto, akivuta kadi moja moja. Kadi ya fan belti inasema 40. Akazishusha zote sakafuni, akazihesabu kumi kumi: 31. Akaandika tofauti, 9, akaendelea na kadi nyingine bila kunisumbua. Jioni akaja na orodha. Tukaita mafundi. Sita walichukua usiku lori lilipokwama Igawa, bila hati. Mbili zilikuwa kwenye boksi lililochanika chini ya meza. Moja mpaka leo hatujaiona.

Kwa siku 6 alipitia aina 214 za vipuri. Aina 37 zilitofautiana na kadi, na 29 kati ya hizo alipata sababu. Kisha akachora daftari la kutolea vipuri usiku, lenye safu ya saini ya fundi. Daftari lile tunalitumia hadi sasa.

Tazama alichopata. Amejua stoo, kweli, lakini pia amejifunza kuwauliza mafundi wakubwa kwake bila kuwafanya wajione wanatuhumiwa. Alikuwa akianza na, "Kaka, naomba unisaidie, mimi hesabu imenishinda hapa." Chuoni hawafundishi hilo, na usaili huwa unalitafuta.

Onyo. Usiingie kwenye mfumo wa malipo kwa nywila ya mtu mwingine, hata akikupa mwenyewe kwa nia njema. Hela ikipotea, jina lako ndilo jepesi kuliko yote pale ofisini. Usipige picha nyaraka za wateja, na kwa walio hospitali, usipige picha mgonjwa wala faili lake kwa sababu yoyote. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.

Umefanikiwa ikiwa Ijumaa ya wiki ya pili kuna kazi moja ambayo watu wakiiulizia wanasema, "Muulizeni yule wa fildi."

## Hatua ya 5: Daftari la mistari minne, kila jioni

Logbuku ya chuo inaandikwa kwa ajili ya mhadhiri. Daftari hili ni lako. Kila jioni, kabla hujapanda daladala, andika mistari minne: shida ilikuwa nini, nilifanya nini, ikatokea nini, nani aliona.

Mfano wa siku moja:

*Shida:* Ankara 12 za mafuta hazina namba ya gari.
*Nilifanya:* Nililinganisha tarehe na kitabu cha safari, nikawapigia madereva wawili.
*Ikatokea:* 10 zimepata gari. 2 nimerudisha kwa mhasibu na maelezo.
*Aliona:* Mhasibu msaidizi.

Kwa nini namba? Kwa sababu baada ya miezi sita akili itabaki na "nilishughulikia ankara". Hutakumbuka kwamba zilikuwa 12, wala kwamba mbili zilikushinda. Hizo mbili usizifiche. Mtu anayejua kazi akisikia 10 kati ya 12 anaamini. Akisikia "zote" anaanza kukutazama vizuri.

Siku nyingine hutakuwa na cha kuandika. Andika hivyohivyo: "Leo hakuna." Zikifika tatu mfululizo, rudi kwa msimamizi na swali la kiporo.

## Hatua ya 6: Wiki ya nne, omba kukosolewa

Msimamizi wako hatakukosoa kwa hiari. Sisi watu wa huku tuna aibu ya kumwambia mgeni ukweli. Tutakusifia usoni, tutacheka pembeni, na alama tutakupa za wastani. Kwa hiyo omba, na uombe kwa swali dogo. "Naendeleaje?" itajibiwa "vizuri tu". Uliza, "Kitu gani kimoja ukiwa bosi wangu ungetaka nibadilishe kuanzia Jumatatu?"

Jibu litauma kidogo. Mimi niliambiwa naongea haraka kama muuza mtumba wa Mwanjelwa. Sema asante, usijitetee, na Jumatatu ionekane umebadilika. Wiki nne zilizobaki ndizo zitakazoandikwa kwenye barua yako.

## Hatua ya 7: Muhula ukianza, usiache kazi ife

Fildi moja haitoshi, lakini muhula hauna nafasi kubwa. Saa sita hadi nane kwa wiki zinatosha: kumtunzia hesabu mama mwenye duka Soweto ya hapa Mbeya, kukaa kwenye kibanda cha uwakala wa pesa Jumamosi, kufundisha tuisheni, kuwa CR (kiongozi wa darasa) au mweka hazina wa chama cha fani yako. Uweka hazina wa chama hudharauliwa, kumbe ndio pekee unaokupa bajeti, risiti na watu wenye hasira kwa pamoja.

Daftari la mistari minne liendelee, mara moja kwa wiki.

Onyo. Ukipata sapu mbili, mitihani ya kurudia, kwa sababu ya kibanda, funga kibanda. Hakuna mwajiri atakayesifu bidii ya mtu aliyedisko, aliyeondolewa chuo kwa kufeli.

## Hatua ya 8: Kutoka na mzigo wako

Wiki ya mwisho omba vitu vitatu: barua ya kuthibitisha ulichofanya, ruhusa ya kumweka msimamizi kama mdhamini kwenye CV, na namba yake ya simu. Barua iandike wewe rasimu, yeye airekebishe na kusaini. Akiachiwa aanze mwenyewe, itakuwa ile ya "alikuwa na nidhamu nzuri".

Kisha kaa na daftari lako, chagua siku tatu bora, uziandike upya kwa ajili ya CV. Badala ya "Nilisaidia kazi za stoo", inakuwa:

"Nilihesabu aina 214 za vipuri na kulinganisha na kadi za stoo kwa siku 6. Aina 37 zilitofautiana. Nilipata sababu ya 29. Nilianzisha daftari la kutolea vipuri usiku."

Zisome kwa sauti mbele ya rafiki wa fani nyingine kabisa. Akiuliza "halafu ikawaje?", imekaa sawa. Akinyamaza, rudi uandike tena. Hadithi hizo tatu ndizo utakazokwenda nazo usaili, na ndizo utakazotumia ukimaliza chuo na kuomba mafunzo ya uzoefu wa kazi kwa wahitimu kupitia TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira.

Kimebaki kitu kimoja ambacho karibu wote husahau. Miezi miwili baada ya kuondoka, mwandikie msimamizi wako ujumbe, bila kuomba chochote:

"Shikamoo mkuu. Ni yule wa fildi wa stoo, wa Julai. Nimefaulu somo la Udhibiti wa Bidhaa, na mfano niliotumia kwenye mtihani ni wa zile fan belti. Ile moja ilipatikana?"

Niliupokea mwezi Novemba, nikiwa kwenye foleni ya mizani. Nikamjibu bado, na nikamuuliza Desemba yuko wapi, kwa sababu tulikuwa na hesabu ya mwisho wa mwaka na mtu mmoja pungufu.